Barua kwa mwanangu: kuhusu mchango wa kanisa letu dogo

Old Moshi,
Jumapili jioni

Binti yangu mpendwa,

Marahaba, mama. Salamu za wajukuu nimezipata. Mama yako hajambo, mguu unaendelea vizuri, na leo ametembea mwenyewe mpaka kanisani na kurudi.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema wazee wa mtaa wetu, yaani hili tawi letu dogo la usharika, wamewaandikia ninyi mlioko Dar wakiomba mchango. Wanataka kanisa letu la zamani libomolewe, na palepale lijengwe jipya, lenye dari ya jipsamu, marumaru sakafuni na madirisha ya aluminiamu. Umesikia pia kwamba anayepinga ni baba yako. Ukauliza: "Baba, wewe ni fundi. Umewajengea watu nyumba nzuri maisha yako yote. Unang'ang'ania nini kwenye kale kajumba ka mawe na udongo?"

Swali lako halikuniudhi. Ila sikutaka kulijibu kwa simu, kwa sababu kuna jambo sijawahi kukusimulia, na kwenye simu ningelipunguza.

Mwaka 1991 wazee waliniita nikarabati ukuta wa upande wa juu, ule unaotazama mlima Kilimanjaro. Plasta yake ya udongo na chokaa ilikuwa inabanduka. Saruji ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kupatikana madukani baada ya ile miaka ya uhaba, na fundi asiyeitumia alionekana wa kizamani. Nikakwangua plasta yote ya zamani. Chini ya tabaka za chokaa, nyembamba kama maganda ya kitunguu, nikakuta udongo uliokandikwa kwa mikono. Alama za vidole zilikuwa bado zipo, mistari minne minne imepinda kutoka kushoto kwenda kulia, ukuta mzima. Nilisimama kidogo nikaziangalia, kisha nikaendelea kukwangua.

Jioni bibi yako akaja na chai. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu karibu na mlango, upana wa sinia. Akaweka vidole vyake kwenye mistari ile akasema, "Hapa walikandika akina mama. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuleta maji kutoka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani." Hakusema zaidi. Kesho yake sikukigusa kile kipande, na mpaka leo kipo. Ukija nitakuonyesha. Ukuta uliobaki nikaupiga saruji, nikaunyoosha kwa timazi, watu wakanisifu.

Masika mbili hazikupita, ukuta ukaanza kuumwa. Mawe yetu ya mlima yamejengwa kwa udongo, na ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje polepole, kama mtu anavyotoa jasho. Chokaa huupitisha ule unyevu. Saruji huufungia ndani. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, yanalainisha udongo ulioshika mawe, na mwisho plasta inajitenga na kudondoka mabamba mabamba. Ndizo zile nyufa wanazokupigia picha na kukutumia kwamba jengo limechoka. Jengo halijachoka, mama. Nililiumiza mimi kwa mikono yangu, nikidhani nalipendezesha. Kwa hiyo ukisikia ninapinga, anza hapo.

Lakini hilo ni deni langu, na wewe umeuliza kuhusu kanisa.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifungua misheni Machame mwaka 1893, Mamba mwaka uliofuata, na hapa Kidia mwaka 1896. Hizo ndizo stesheni, nazo zina makanisa yao makubwa yanayojulikana. Haya madogo ya mitaani yana historia nyingine. Wajerumani walifukuzwa mwaka 1920 baada ya vita, wakarudi, na vita vya pili vilipoanza wakakamatwa tena. Katikati ya vurugu zote hizo walioshika sharika ni walimu na wazee wa hapahapa. Kanisa letu lilijengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, katika miaka ya thelathini. Wanaume walileta mawe na kuchana mbao za paa, wanawake wakakanda udongo, watoto wakachota maji. KKKT yenyewe, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iliundwa mwaka 1963, na kale "kajumba" kalikuwa tayari kana karibu miaka thelathini ya ubatizo, kipaimara na mazishi.

Mchungaji Bruno Gutmann, mmoja wa wamisionari hao, aliyeishi Kidia miaka mingi mpaka 1938, alishikilia kwamba usharika usimame juu ya vitu ambavyo watu walikuwa navyo tangu zamani, yaani ukoo, ujirani na rika. Wengine walimpinga, na hoja zao zilikuwa na uzito. Ila ukiingia kanisani kwetu unaona alichokuwa anakisema. Mabenchi ni kumi na manne. Waliojenga walihesabu vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba, vinavyolizunguka kanisa, wakajenga nafasi ya kuwatosha watu wa vihamba hivyo. Mwinjilisti akisimama mbele anaona nyuso zote. Mama yako alipovunjika mguu, Jumapili ya kwanza tu aliyokosa ibada, watu sita walikuja nyumbani kabla ya saa nane mchana kuuliza kulikoni, mmoja wao na mkungu wa ndizi kichwani. Hakuna aliyewatangazia. Waliona benchi la tatu upande wa kinamama lina pengo.

Halafu kuna sauti. Mimi nimejenga kumbi, najua kazi ya kumfanya mtu asikike. Pale hakuna kipaza sauti na hakihitajiki. Kuta ni nene, madirisha ni madogo na yako juu, kenchi za paa ziko wazi, na mtu akinong'ona Baba Yetu madhabahuni anasikika mlangoni. Wakiweka ile dari ya jipsamu sauti itabadilika, itabidi wanunue spika, na wakinunua spika hakuna atakayeimba tena kwa nguvu zake.

Utakumbuka mvua ilivyokuwa inatukuta ndani. Ikianza kupiga bati, mhubiri anajitahidi dakika moja, mbili, kisha anafunga Biblia kwa kidole katikati na kukaa. Hapo bibi mmoja anaanza wimbo, bila namba, bila kitabu. Wengine wanadaka. Sauti ya nne inapanda kutoka mabenchi ya nyuma kwa wazee, na kwa robo saa nzima tunaimba mpaka mvua ipungue, kisha mhubiri anasimama na kuendelea pale alipoachia. Ulikuwa mdogo, unalala kwenye koti langu. Nimesali katika makanisa yenye dari huko mjini, na mvua ikinyesha hamna anayejua.

Nilipokuwa kibarua Mombasa, kabla mpaka haujafungwa mwaka 1977, siku moja nilikwenda Rabai. Ndiko Krapf na Rebmann, wamisionari wa Kijerumani, walikoanza misheni mwaka 1846, na ndiko Rebmann alikotokea alipokuja kuona theluji ya mlima huu wetu tarehe 11 Mei 1848. Nilitegemea kukuta kitu kikubwa. Nikakuta vijumba, vya kawaida kabisa, vimezungukwa na minazi. Nilikaa kwenye kivuli nikavitazama mpaka gari la mwisho likakaribia kuniacha. Rebmann alikaa pale mpaka 1875, akawa kipofu palepale. Wenyewe wa Rabai hawakuona aibu ya udogo wa majengo yale. Waliyatunza, na leo wamefungua makumbusho. Sisi tunataka kubomoa letu kwa sababu wageni wa harusi wanalalamika hakuna pa kugeuzia magari.

Siwalaumu wazee. Vijana wengi wanahamia kwenye kanisa kubwa la usharika, na wazee wanaogopa mtaa utakufa. Hofu hiyo ni ya kweli. Mimi nimewaambia tujenge ukumbi upande wa chini, penye ule uwanja wa mnada, mikutano na harusi zikafanyike huko, vijana wapate vyombo vyao. Kanisa libaki, na masale, ile mimea ya mpaka, yaliyolizunguka yabaki, na kile kipande cha reli kinachogongwa badala ya kengele kibaki kwenye mti wake. Mafundi wa kwanza waliweka mlango ukitazama makaburi, na asubuhi ya Pasaka, tarumbeta zinapoanza kulia kule makaburini kabla ya kucha, sauti inaingia moja kwa moja mpaka madhabahuni. Ukisogeza jengo mita kumi tu, hilo limekwisha.

Basi kuhusu mchango. Changia, mwanangu, usikatae. Lakini andika kwenye bahasha kwamba fedha yako ni ya paa na kuta. Bati la upande wa juu limeoza na kenchi mbili zimeliwa na mchwa. Kunahitajika pia gata na mtaro wa kupitisha maji ya mlimani mbali na msingi, maana hata plasta iwe nzuri vipi, maji yakiendelea kusimama pale ni kazi bure. Wakikupigia kuuliza, waambie baba yako atafanya kazi ya ukuta bila malipo. Nimeshaanza. Saruji yangu ya 1991 nimeibandua yote kwa tindo, wiki tatu, na sasa mawe yako wazi yanakauka. Yataachwa hivyo kiangazi chote.

Chokaa nimeiagiza Tanga, ile isiyozimwa, inayochemka ukiitia majini. Nimeizima shimoni nyuma ya zizi na kuifunika kwa majani ya migomba. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Mkija Desemba itakuwa kama siagi, na wajukuu nitawapa kazi ya kuleta maji.

Baba yako