Usiisubiri Madimba tu

Mdogo wangu unayesomea uhandisi, unauliza kama uendelee kusubiri nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda cha gesi Madimba, maana barua yako haijajibiwa. Omba tena, ila usikae bure. Viwanda vya kubangua korosho vina boila (mtambo wa kuchemsha maji kutoa mvuke) na kompresa (mashine ya kushindilia hewa). Huko utashika spana mapema. Mimi nilianzia karakana ya pampu hapa Mtwara. Fundi mmoja, darasa la saba, aliniambia niweke mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye beringi ya pampu, ile inayoshikilia mhimili unaozunguka: "Sikia, inasaga mchanga." Yaani, imeharibika. Chuoni sikufundishwa hilo, na alama zangu zilikuwa nzuri tu! Andika kila siku kwenye daftari ulichofungua na kilichokuwa kimeharibika. Ukihitimu, omba mafunzo ya miaka 3 ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Daftari hilo nenda nalo.