Sindano na Uzi: Majibu kwa Wanaoshonea Watoto

Barua nyingi safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zina tatizo la aina moja: nguo ilikatwa kwa kufuata umri wa mtoto, au kwa kufuata nguo nyingine, mtoto mwenyewe hakupimwa. Tunaomba kila anayesoma ukurasa huu aanze na tepu.

Shikamooni. Nilimkatia binti yangu wa miaka minne gauni la kitenge kwa kulaza fulana yake juu ya kitambaa. Kifuani limemkaa vizuri, ila kichwa hakipiti. Nikipanua shingo, mabega yanaporomoka. Nifanyeje? Halafu, ni kweli kuloweka kitenge kwenye maji ya chumvi kunazuia rangi kutoka? (Mama, Ujiji)

Marahaba, mama. Fulana inavutika, kitenge hakivutiki, na hapo ndipo penye tatizo. Kichwa cha mtoto wa umri huo kina mzunguko wa sm 50 hivi, wakati shingo yake ni karibu nusu ya hapo. Shingo ya gauni inayokaa vizuri mabegani haiwezi kupitisha kichwa bila kufunguka mahali fulani.

Usiipanue tena. Pasua mgongoni katikati. Hesabu yake ni hii: mzunguko wa shingo ya gauni, ukijumlisha urefu wa mpasuo mara mbili, uzidi mzunguko wa kichwa kwa sm 3 au 4. Shingo ikiwa sm 34, mpasuo wa sm 10 unakupa sm 54. Kichwa kitapita bila kuvuta masikio.

Usianze na mkasi, anza na chaki. Chora mstari wa sm 10 kutoka shingoni kushuka. Kata kipande cha kitenge cha sm 8 kwa 14, kilaze juu ya mstari, uso kwa uso. Anza kushona juu, nusu sentimita pembeni ya mstari, ukishuka huku ukiusogelea. Ukifika mwisho geuza kitambaa, piga mshono mmoja wa kukingama, geuza tena, panda upande wa pili. Huo mshono mmoja wa chini wengi huuruka, wakapata ncha iliyobana kama V, na ncha hiyo ikigeuzwa hukunjamana. Sasa kata kwenye mstari hadi ubakize nyuzi mbili tu kufikia mshono. Ukikomea mbali, patavimba. Ukikata mshono wenyewe, patachanika siku ya kwanza. Geuza kipande kiende ndani, piga pasi, kisha weka kifungo kimoja kidogo juu na kitanzi cha uzi.

Shingo yenyewe izungushie utepe wa sm 3 uliokatwa hanamu. Utepe uliokatwa wima haukubali kuzunguka duara, ndiyo maana shingo nyingi za nyumbani zina mikunjo.

Kuhusu chumvi: hapana, hata iwe ya Uvinza. Chumvi husaidia mtu anayepaka rangi kitambaa, ikiwa ndani ya maji ya rangi. Kitenge kilichotoka kiwandani hakipati chochote kutoka kwake. Kifue peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini. Fanya hivyo kabla ya kukata, kwa sababu pamba hurudi: kila yadi inaweza kupungua sm 3 au 4, na kwa nguo ya mtoto hiyo ni saizi nzima.

Ndugu wahariri, tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto 12 wa chekechea yetu wataigiza sokwe wa Gombe. Mwaka jana tulitumia vinyago vya karatasi. Vilichanika, na watoto wawili walilia jukwaani. Fedha ni kidogo. Mnashauri nini? (Mwalimu, Kasulu)

Mwalimu, vinyago achaneni navyo kabisa. Kinyago humnyima mtoto kuona chini, miguuni pake, na pumzi yake mwenyewe huilowesha karatasi mpaka inachanika. Mtoto wa miaka mitano asiyeona anapokanyaga ana haki ya kulia. Uso ubaki wazi. Usokwe wake uonekane kwenye kichwa, mikono na mwendo.

Kwanza mjueni sokwe mwenyewe. Hana mkia, na hili lizingatiwe, maana mkishona mikia mtakuwa mmeleta nyani. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu. Masikio ni makubwa na yamesimama pembeni ya kichwa. Sokwe mchanga ana uso uliopauka, na ana kishungi cha manyoya meupe matakoni ambacho hupotea akikua. Watoto wenu wadogo kabisa wapewe kishungi hicho: zungusha uzi mweupe wa kufumia mara 20 kwenye vidole vinne, funga katikati, kata pande zote mbili, shonea nyuma ya nguo.

Nguo yenyewe itoke mtumbani: fulana 15 za watu wazima, za mikono mirefu, saizi ndogo, nyeusi au kahawia nzito. Kumi na mbili ni za kuvaa, tatu ni za kukata kofia. Kitambaa cha fulana hakichambuki nyuzi, kwa hiyo pindo hazihitajiki, na kwa nguo 12 hilo linawapunguzia kazi kubwa.

Mvalisheni mtoto fulana, mikono ikining'inia. Mkono wa fulana utazidi vidole vyake. Msikate ziada hiyo. Wekeni alama ya chaki kwenye kiganja, upande wa ndani, kisha pasueni hapo sm 8 kwa urefu wa mkono. Kila mwisho wa mpasuo upigwe mishono mitano sita ya kukaza, maana hapo ndipo panapochanika. Ncha ya mkono ijazwe vitambaa vichache, ishonwe ifungwe. Mtoto akitaka kushika kitu au kufuta kamasi hutoa mkono kwenye mpasuo; akitembea, mikono ya sokwe inaning'inia mpaka magotini. Mabega ya fulana yatashuka, na hilo acheni, linamfanya aonekane ameinama. Chini kateni usawa wa katikati ya paja, kila mtoto avae kaptura yake ya rangi nzito. Msishone vazi la kipande kimoja: watoto 12 na choo kimoja, wote wakihitaji kufunguliwa mgongoni, mtajuta.

Kofia: fulana moja ya watu wazima, ikilazwa kama ilivyo na mikono ikiwa imeondolewa, inatoa jozi nne za vipande vya sm 24 kwa 30. Ndiyo maana fulana tatu zinatosha watoto 12. Sm 30 ni kimo, sm 24 ni kina. Kwenye kila jozi, kona ya juu ya nyuma izungusheni kwa ukingo wa sahani, mshone nyuma na juu, muache mbele na chini wazi. Ukingo wa mbele ukunjwe sm 1.5. Kisha shonea kofia kwenye shingo ya fulana, mkianzia katikati ya mgongo kuja mbele kila upande. Shingo ya fulana ni pana kuliko kofia, hivyo pembe za kofia hazitakutana kooni. Zitaachana kama sm 8 au 9. Ni sawa. Msiongeze kamba ya kufunga. Kamba shingoni mwa mtoto anayekimbia na kurukaruka haifai hata kidogo, na hapa haina kazi kwa sababu kofia imeshikwa na fulana.

Masikio yakatwe kwenye kitambaa cha khaki au kahawia mpauko, duara la mdomo wa kikombe cha chai, mawili kwa kila sikio. Yashoneni uso kwa uso, mkiacha sm 4 wazi, geuzeni, jazeni kidogo tu, mfinye shina lake. Pasueni kofia sm 4, ingizeni shina, mshone kwa ndani. Mahali pake ni juu kidogo ya sikio la mtoto. Likikaa juu ya sikio lenyewe, mtoto hatasikia mkimwambia zamu yake imefika.

Usoni msipake rangi ya viatu, wala wino wa kalamu, wala masizi yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Unga wa kakao ukikorogwa na mafuta ya kupakaa unatosha kuzungushia mdomo na nyusi, na unatoka kwa sabuni. Mjaribuni kila mtoto siku moja kabla, kidogo tu ndani ya kiwiko.

Asubuhi za Juni Kasulu ni za baridi, lakini wakianza kucheza watapata joto haraka, hivyo ndani wavae singlendi tu. Na wapeni mabua laini ya nyasi washike: mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall aliwaona sokwe wa Gombe wakiingiza mabua kwenye vichuguu kuvua mchwa, na mchezo huo watoto wanauweza bila mazoezi marefu.

Nashona kaptura za wanangu. Lastiki inajisokota ndani baada ya kufuliwa mara mbili tatu, na mdogo akichuchumaa kaptura inashuka nyuma. (Baba, Tabora mjini)

Lastiki inajisokota kwa sababu mfereji wake ni mpana. Lastiki ya sm 2.5 inataka mfereji usiozidi sm 3. Acha sm 4 juu ya kiuno, kunja sm 1, kisha kunja sm 3, shona karibu kabisa na ukingo wa chini. Acha tundu la sm 4 nyuma. Kwa kiuno cha sm 53 kata lastiki ya sm 50, ipitishe kwa pini, laza ncha moja juu ya nyingine kwa sm 2 na uzishone kwa umbo la mraba. Baada ya kuziba tundu, gawa mikunjo sawasawa, kisha piga mshono wa wima kupitia lastiki kwenye mishono ya pembeni yote miwili. Kaptura nyingi huachwa bila mshono huo, na ndio unaoizuia lastiki kuzunguka.

Kushuka nyuma ni kosa la ukataji. Ukikata mbele na nyuma sawasawa, makalio hayana nafasi. Kipande cha nyuma kiwe juu zaidi kwa sm 3 katikati, kikishuka kwa mteremko hadi sifuri pembeni. Mkalishe mtoto kwenye kiti kigumu, pima kutoka kiunoni hadi kwenye kiti, ongeza sm 3. Hicho ndicho kina cha kaptura.

Kama kitambaa ni suruali kuukuu ya mtu mzima, yenye miguu mipana, kata kaptura kwenye sehemu ya chini ya mguu ili pindo la suruali liwe pindo la kaptura. Fumua mshono wa ndani tu. Wa nje uache, ni mzuri kuliko utakaoushona. Mguu mmoja wa suruali, mguu mmoja wa kaptura.

Cherehani yangu ya kukanyaga inashona kitenge vizuri, nikiweka fulana inaruka mishono. (Msomaji, Urambo)

Badilisha sindano kabla ya kugusa chochote kwenye mashine. Sindano ya kawaida yenye ncha kali hugonga nyuzi za fulana, kitambaa kikapanda nayo, kitanzi cha uzi kikakosa kuumbika na ndoano ya chini ikapita bila kukishika. Omba dukani sindano ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha ya duara, namba 75/11 au 80/12. Unapoiweka, upande wenye mfereji mrefu ndio unaoingizia uzi. Ikigeuzwa itaruka hata kwenye kitenge. Kama bado inaruka, weka kipande cha gazeti chini ya fulana, shona pamoja, kisha lichane. Tumia uzi wa poliesta, na vuta kitambaa kidogo sana unaposhona, ili uzi usikatike nguo ikivutwa.

Mwanangu wa miaka sita anataka awe samaki mgebuka kwenye igizo la shule. Nina siku mbili. (Mama, Kibirizi)

Siku mbili zinatosha, mama. Mgebuka ni mwembamba na anang'aa, kwa hiyo usijaze kitu. Tafuta koti kuukuu lenye bitana ya kijivu. Kata bitana vipande viwili, upana nusu ya mzunguko wa kifua cha mtoto ukijumlisha sm 6, urefu kutoka begani hadi magotini. Unga mabegani, na pembeni weka mishono miwili mifupi tu, ili avae juu ya nguo zake. Bitana inachambuka sana, hivyo kunja kingo mara mbili. Mkia ukatwe kwenye katoni, ufunikwe bitana, ushonewe nyuma usawa wa paja, usiburute akipanda ngazi za jukwaa. Bitana nyingi ni za nailoni au poliesta, na zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi: asikaribie jiko wala mshumaa akiwa ameivaa.

Binti yangu wa miaka minane anataka kujifunza. Aanze na nini? (Bibi, Nzega)

Shikamoo bibi. Mpe kitenge chenye mistari au maua makubwa, afuate mistari iliyochorwa kwa mishono ya kwenda mbele, urefu wa punje ya mchele. Sindano iwe na tundu kubwa, uzi usizidi urefu wa mkono wake, la sivyo utajifunga. Akishazoea, kipande cha sm 22 kwa 24 kikikunjwa na kushonwa pande mbili kinakuwa mfuko wa kalamu wenye kina cha sm 10 hivi baada ya pindo la juu. Mpe sindano moja tu kwa wakati, na airudishe kwenye kitambaa chake kabla hajainuka mkekani.