Laptopu ndogo ya gemu: kabla hujatoa hela, uliza wati

Kuna msomaji ameniandikia ujumbe mrefu ambao, ukiondoa salamu, una swali moja tu: "Dada, nimejinyima mpaka hela imetimia. Nichukue ile ndogo ya inchi 14 au ile kubwa ya inchi 16? Bei ni moja. Kila ninayemuuliza ananicheka nikitaja ndogo." Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Kisha nikakumbuka nilivyochekwa mimi, damu ikanichemka, na sasa mnasoma makala nzima.

Jibu lenyewe halina mafumbo. Kama mashine itaingia begini karibu kila siku, chukua ndogo na usimwombe mtu radhi. Kama itawekwa mezani ikae hapo, chukua kubwa. Shida ni kwamba watu hujidanganya kuhusu maisha yao wenyewe. Mtu anacheza gemu usiku chumbani kwake, akitoka anabeba simu tu, halafu anakwambia anataka mashine nyepesi kwa ajili ya safari. Safari ipi? Hebu angalia mwezi uliopita, si mwezi unaouota. Ulibeba kompyuta mara ngapi?

Mimi sikuwa na haja ya kujidanganya. Nahariri video za watu, za harusi na za makongamano, na kazi hiyo hainifuati nyumbani. Mimi ndiye ninayeifuata. Ofisi niliyokuwa naifanyia kazi zamani ilinipa laptopu ya inchi 17. Ilikuwa na nguvu, sikatai. Lakini ilikuwa haitoshi kwenye begi la kawaida, haienei kwenye meza ndogo za kusafiria, na chaja yake ilikuwa na uzito wa mashine ya pili. Hilo la chaja lishike vizuri, kwa sababu uzito unaoandikwa kwenye tangazo hauhesabu chaja. Laptopu ya kilo 2.5 inayokuja na chaja ya wati 330 inaweza kukufanya ubebe zaidi ya kilo 3, na hapo hujaweka kipanya wala vipokea sauti. Jioni nikifika nilikolala nilikuwa natamani kucheza gemu kidogo, ila bega lilikuwa limeshanikatalia. Nilipoacha kazi ile na kurudisha mashine yao, nilijua ninachokitaka.

Na niseme hili kwa wale wanaodhani ndogo maana yake dhaifu: zamani walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Alienware walijaribu mwaka 2010 na M11x ya inchi 11.6, na bado ilikuwa na uzito wa kilo 2 hivi. Mwaka 2017 NVIDIA, watengenezaji wa kadi za grafiki (kifaa kinachochora picha za gemu), walikuja na mpango wa Max-Q, yaani kadi zao zilezile zikiendeshwa kwa umeme mdogo ili ziingie kwenye mashine nyembamba. Lakini iliyobadilisha mazungumzo, kwa maoni yangu, ni ASUS ROG Zephyrus G14 ya mwaka 2020: inchi 14, kilo 1.6, prosesa ya Ryzen 9 yenye viini (core) 8 na kadi ya NVIDIA ya RTX 2060. Haikuwa na kamera. Fikiria, mwaka uleule ambao dunia nzima ilihamia kwenye vikao vya video, wao wakatoa laptopu isiyo na kamera! Pamoja na hayo watu waliigombania. Mwaka uliofuata Razer wakairudisha Blade 14 yao, na tangu hapo hii si biashara ya majaribio tena.

Sasa nije dukani, maana hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, anisaidie kubeba na anipe kampani. Hela ilikuwa yangu, mkoba mkononi mwangu, maswali nauliza mimi. Muuzaji alikuwa akinijibu kwa kumtazama mdogo wangu. Kila nikiuliza, macho yanakwenda kwake. Mwishowe akamwambia, si mimi, yeye: "Hizi ndogo ni za urembo. Kwa hela hii dada achukue hii kubwa, kadi ni ileile, RTX 4060, na kioo ni kipana." Mdogo wangu, Mungu ambariki, akasema, "Muulize mwenyewe, mimi sijui hata kuiwasha."

Nikamuuliza muuzaji swali moja: hii kadi kwenye hii kubwa inapewa wati ngapi? Akacheka. Akasema kadi ni kadi, bi dada.

Kadi si kadi. RTX 4060 ya laptopu inaruhusiwa na NVIDIA wenyewe kupewa umeme wa kuanzia wati 35 hadi wati 115, na mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua, kutegemea feni na nafasi aliyonayo. Mashine mbili zenye jina moja la kadi zinaweza kuachana mbali sana kwenye gemu ileile. Jina la kadi ni sawa na jina la ukoo: linakuambia imetoka wapi, halikuambii ina nguvu kiasi gani. Nikaomba niziwashe zote mbili. Ukifungua paneli ya udhibiti ya NVIDIA, ukaingia kwenye taarifa za mfumo, kuna mstari unaoonyesha nguvu ya juu kabisa ambayo kadi imeruhusiwa. Ile kubwa, ya bei sawa, ilikuwa imebanwa kwenye wati 75. Ndogo ilikuwa na 90. Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe. Akasoma. Kisha akamgeukia mdogo wangu na kumwambia, "Umechagua vizuri."

Sikununua pale. Nilinunua kwingine, kwa mtu aliyenitazama usoni. Na bado lile neno la "umechagua vizuri", aliloambiwa mdogo wangu, linaniuma, nisiwafiche.

Simaanishi kwamba ndogo hushinda kubwa kwa wati. Mara nyingi ni kinyume, kwa sababu kubwa ina nafasi ya feni pana na njia nyingi za hewa. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa boksi si ushahidi. Kampuni hubana kadi kwenye mashine kubwa za bei nafuu pia, na hawaandiki hilo kwa herufi nene. Kwa hiyo msomaji wangu, usilinganishe majina, linganisha wati. Na ukikuta muuzaji hajui wati, washa mashine uangalie mwenyewe. Akikataa kuiwasha, ondoka.

Jina linadanganya kwa namna nyingine vilevile. RTX 4070 ya kompyuta ya mezani ina kumbukumbu yake yenyewe ya picha ya GB 12. RTX 4070 ya laptopu ina GB 8, sawa na 4060 ya laptopu. Gemu mpya zenye picha nzito zinaijaza hiyo GB 8 upesi, na ikijaa picha zinaanza kukwama hata kama kadi bado ina nguvu. Kwenye mashine ndogo, ambako 4070 mara nyingi inapewa wati zilezile na 4060, ile nyongeza ya bei kati ya hizo mbili mimi singeilipa. Ningeiweka kwenye RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya kompyuta yenyewe.

Na RAM ndiyo sehemu ambayo laptopu ndogo zinakukaba koo. Nyingi zimechomelea RAM kwenye bodi, hakuna kuongeza baadaye. Zephyrus G14 za kwanza zilikuwa na nafasi moja ya kuongeza. Toleo la mwaka 2024 limechomelewa yote. Blade 14 ilikwenda njia ya kinyume, ya 2021 ilichomelewa na ya 2023 ikawa na nafasi. Kwa hiyo usikariri kampuni, angalia toleo. Kama imechomelewa, chukua GB 32 siku hiyohiyo, hasa kama unahariri video kama mimi. Hifadhi haina shida sana, SSD (diski ya kuwekea mafaili) kwa kawaida unaweza kuibadilisha.

Tuje kwenye betri, maana hapa ndipo ndoto nyingi za "nitacheza popote" zinapokufa. Fanya hesabu mwenyewe. G14 ya 2024 ina betri ya Wh 73 (wati-saa, yaani wati 73 kwa saa moja). Gemu ikila wati 70 kwa mashine nzima, hiyo ni saa moja na dakika chache, basi. Na hata hiyo saa moja si ya nguvu kamili, kwa sababu betri haiwezi kutoa umeme mwingi kama chaja ya ukutani, hivyo mashine inapunguza kasi yenyewe. Hakuna kampuni itakayokuokoa kwa betri kubwa mno, maana mashirika ya ndege yanaruhusu kupanda na betri isiyozidi Wh 100 bila kibali maalumu, na watengenezaji wanaishia hapo. Gemu nzito ni jambo la kuchomeka umeme. Ndogo inakupa uhuru wa kuhama kutoka soketi moja kwenda nyingine, si uhuru wa kuishi bila soketi. Mimi hilo linanitosha. Kama wewe unataka kucheza ukiwa umelala kwenye kiti cha gari, tazama vifaa vya mkononi kama Steam Deck.

Ila kuna raha moja ya laptopu ndogo ambayo waliokuwa wananicheka hawakuijua. Nyingi zinakubali chaja ya USB-C. Kasi ya gemu hupati yote, kwa sababu chaja hizo kwa kawaida zinaishia wati 100, ingawa kanuni ya USB ya mwaka 2021 iliruhusu hadi 240. Lakini kwa kuhariri, kuandika na kutazama video, chaja ndogo inatosha, na ile nene inabaki nilikolala. Kuna rafiki zangu kwenye kundi letu la gemu ambao walikuwa wananitumia picha za fremu zao kwa sekunde (yaani gemu inachora picha ngapi kila sekunde) kila nikiingia. Mmoja alikuwa na inchi 18. Leo mashine yake iko mezani haijasogea, na akisafiri anaazima ya mkewe. Simcheki. Nasema tu.

Joto. Usiniulize kama inachemka, inachemka. Kwenye boksi dogo hewa ni kidogo na feni lazima zizunguke haraka, kwa hiyo kelele zipo. Prosesa nyingi za laptopu zimeundwa kuvumilia nyuzijoto 95 na zaidi, kwa hiyo namba hiyo peke yake isikutishe. Cha kuangalia ni kama kasi inashuka baada ya muda. Mtu akikuonyesha gemu kwa dakika tano hajakuonyesha kitu, maana mwanzoni kila laptopu inakimbia. Iache icheze nusu saa ndipo usome fremu. Nyumbani mimi nainua nyuma kidogo ili hewa iingie chini, naweka kikomo cha fremu 60 kwenye gemu za hadithi, na nazima ile kasi ya ziada ya prosesa. Joto linashuka, kelele inapungua, na kwenye gemu nyingi sioni tofauti kwa macho, kwa kuwa mzigo mkubwa uko kwenye kadi ya grafiki. Na usiiweke kitandani! Godoro linaziba matundu ya chini.

Halafu kioo. Ndogo nyingi sasa zina kioo cha 2560 kwa 1600, na wauzaji wanakitangaza kama zawadi. Ni kizuri kwa kuhariri, kwa gemu ni mzigo: nukta milioni 4.1 za kuchorwa kila fremu, wakati 1920 kwa 1200 ni milioni 2.3. Kwa kadi ya wati 90 tofauti hiyo si ndogo. Mimi huwasha DLSS (mbinu ya NVIDIA ya kuchora nukta chache kisha kuikuza picha) au nashusha idadi ya nukta, na kwenye inchi 14 jicho halilalamiki.

Vijana wangu, wa kike na wa kiume, acheni kununua mashine za kuwanyamazisha watu. Namba za fremu za mtu mwingine hazitakuhaririia video wala kukubebea begi. Mtu anayekucheka kwa sababu ya inchi hatakulipia deni. Na wasichana mnaoniandikia kwa siri kwamba mnaogopa kuuliza dukani: ulizeni. Ulizeni wati, ulizeni RAM, washeni mashine, someni wenyewe. Aibu si yenu, ni ya muuzaji asiyejua anachouza.

Msomaji wangu alisema anafikiria pia kuchukua iliyotumika. Sawa, ila kwenye ndogo betri huchoka mapema kwa sababu inaishi karibu na joto. Kabla hujalipa, fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, na ripoti itatengenezwa hapohapo. Ndani yake kuna namba mbili: ujazo wa betri ilipotengenezwa na ujazo inaoufikia sasa. Kama ya pili imeshuka chini ya robo tatu ya ile ya kwanza, dai apunguze bei kwa gharama ya betri mpya. Muuzaji akigoma, iache.