Nani amekuambia? Maswali yenu kuhusu kazi ya ripota wa televisheni

Tangu nilipogusia hapa miaka yangu ya kuripoti kwa televisheni jijini Nairobi, maswali hayajakatika. Mengi yametoka kwa vijana, machache kwa wazazi wao. Nimechukua haya tisa kwa sababu ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Nimemaliza kidato cha nne na alama ya C. Lazima niende chuo kikuu ndipo niwe ripota? (Kijana, Kayole)

Si lazima. Diploma nzuri inatosha kukufungulia mlango. Vyumba vya habari vya Nairobi vimejaa watu waliopitia Kenya Institute of Mass Communication pale South B, chuo kilichoanza mwaka 1961. Ukitaka digrii baadaye, Chuo Kikuu cha Nairobi kimefunza uanahabari tangu 1970, na vyuo vingine vingi vimefuata. Kabla hujalipa karo popote, nenda siku ya kazi, uombe kuonyeshwa studio. Ikiwa kamera zimefungiwa kabatini na wanafunzi wanasoma uhariri wa video ubaoni, geuka urudi stejini. Ukishaanza kazi, Baraza la Vyombo vya Habari ndilo linalotoa kadi ya uanahabari, na bila kadi hiyo utazuiwa kwenye malango mengi.

Nimetuma barua za kuomba atachimenti (mafunzo ya kazini) kwa vituo vitano na hakuna aliyejibu. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kahawa West)

Mdogo wangu, barua yako iko katika rundo moja na mamia ya barua zinazofanana nayo neno kwa neno. Mhariri anachotaka kuona ni kama unaweza kuleta stori. Basi itengeneze moja. Chukua simu yako na jambo la mtaani kwako, tuseme maji yamekatika wiki mbili. Zungumza na mama anayenunua mtungi wa lita 20, na kijana anayeusukuma kwa mkokoteni, kisha uende kwa kampuni ya maji ukaulize kwa nini. Iwe dakika mbili, isizidi. Kiungo cha video hiyo kiwe mstari wa kwanza wa barua yako.

Nitakueleza kwa nini nasisitiza watu watatu. Wiki yangu ya kwanza ya atachimenti nilitumwa Dandora kwa stori ya takataka. Niliongea na watu wawili pale kibandani, nikala chapati, nikarudi na kuandika kwamba "wakazi wanalalamika". Mhariri wangu, mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu enzi za kanda kubwa, aliisoma akaniangalia. "Nani amekuambia?" Nikasema wakazi. "Wakazi gani? Wanaitwa nani? Wanaishi umbali gani kutoka kwenye jaa?" Sikuwa na jina hata moja daftarini. Alinirudisha Dandora kwa matatu, kwa nauli yangu. Nilifika tena ofisini saa moja kasorobo, stori ikaikosa taarifa ya siku hiyo. Ilitoka kesho yake, ikiwa na majina, na mtu wa kaunti aliyejibu swali nililomuuliza usoni. Swali lile la mhariri nimelibeba maisha yangu yote ya kazi.

Omba pia nafasi za Desemba na Pasaka. Wengi wako likizoni na deski inalia kwa kukosa watu. Ukiingia, utapokea simu, utanukuu mahojiano ya wengine, utabeba tripodi. Fanya yote hayo kwa moyo, na ujue majina ya madereva na wapiga picha kabla ya yale ya wasoma habari. Hao ndio watakaokufunza kazi.

Siku hizi ripota anafaa kujua kupiga picha mwenyewe? (Mwanafunzi, South B)

Ndiyo. Zamani tulitoka watatu: ripota, mpiga picha na dereva. Leo mara nyingi unatoka peke yako na simu na tripodi. Usiione kama kazi ya daraja la chini. Mohamed Amin, kijana wa Nairobi, ndiye aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizoifanya dunia ipeleke msaada. Mambo mawili tu kwa leo. Shikilia kila picha sekunde kumi bila kutikisa mkono. Na nunua maikrofoni ndogo ya kubana shatini hata kabla ya taa, kwa sababu mtazamaji huvumilia picha yenye kiza, lakini sauti iliyomezwa na honi za matatu humfanya abadilishe stesheni.

Kiswahili changu kina lafudhi ya nyumbani, Murang'a. Wenzangu wanacheka wakisema sitawahi kuripoti kwenye taarifa ya saa moja. (Msomaji, Githurai)

Wamekosea. Lafudhi hulainika kwa mazoezi, na hata isipolainika, mtazamaji wa Kenya anaijua sauti ya jirani yake. Kinachowaangusha maripota wa Kiswahili ni ngeli na maana.

Fikiria siku yako itakavyokuwa. Saa kumi na moja jioni una ukurasa wa Kiingereza kutoka mahakamani au kwa polisi, na saa moja taarifa iende hewani kwa Kiswahili. Dakika hizo ndizo zinazokupima. Polisi wameandika 2100, nawe unajua hiyo ni saa tatu usiku. Wameandika mtu amekamatwa, na hapo ndipo pana hatari. Anayedhaniwa kutenda ni mshukiwa. Aliyesomewa mashtaka ni mshtakiwa. Mhalifu ni yule ambaye mahakama imempata na hatia. Nimewahi kusikia ripota akimwita kijana wa miaka kumi na tisa "mwizi" jioni ile ile aliyokamatwa. Kijana aliachiliwa siku ya tatu bila mashtaka, na hakuna aliyerudi hewani kusema hivyo. Mama yake alikuwa na kibanda cha mboga. Wateja walihama. Neno moja lililochaguliwa kwa haraka lilimfunga mtu ambaye mahakama haikumfunga. Jambo hili bado linaniuma.

Kwa hiyo soma gazeti la Taifa Leo kila asubuhi, kwa sauti, ukisimama kwenye kila upatanisho wa kisarufi unaokutatiza. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, kwa hiyo usikubali mtu akuambie dawati la Kiswahili ni la walioshindwa kwingine. Tafuta rekodi za mtangazaji wa redio, marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuacha Februari 2025, usikilize alivyoifikisha kila silabi hadi mwisho wake bila kuikimbiza. Na kijana wa Umoja akikujibu kwa Sheng iliyoeleweka, mwache aseme. Wewe ndiwe unayedaiwa Kiswahili sanifu, yeye anadaiwa ukweli tu.

Ndugu yangu ni korespondenti. Analipwa kwa kila stori inayotoka, na pesa huchelewa miezi. Hii ni kazi kweli? (Dada, Umoja)

Dada, ni kazi, na nimeifanya. Kituo nilichoanzia kilinikalia na malipo ya miezi minne. Nilikuwa nikitembea kutoka Kariobangi hadi mjini nikiwa na stori tatu kichwani na shilingi hamsini mfukoni, kisha jioni naiona sura yangu kwenye televisheni ya duka la jirani. Majirani walidhani nina pesa. Sitamwambia ndugu yako avumilie tu, kwa sababu kumtaka mtu ajilipie nauli, ajilipie bando la kutuma video, kisha stori isipotumika asilipwe chochote, ni kumfanya afadhili kampuni.

Ajue chanzo chake ili asijilaumu. Tulipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, stesheni ziliongezeka sana wakati pesa za matangazo ya biashara zilikuwa zikihamia kwenye simu. Vituo vikapunguza walioajiriwa na kuegemea wanaolipwa kwa kipande. Hilo halibatilishi deni lake. Adai mkataba ulioandikwa, na kabla ya kutia saini aulize mambo matatu: nani analipa nauli, stori ikiagizwa na isitumike analipwa nini, na akiumia kazini nani analipa hospitali. Kila stori iliyotoka aiandike daftarini, tarehe na saa, maana siku ya kudai ndipo watu husahau. Ajiunge na chama cha wafanyakazi wa habari, KUJ. Kupiga video za harusi wikendi si aibu, wengi wetu tumefanya. Kumwandikia gavana hotuba Jumamosi kisha kuripoti habari zake Jumatatu, hapana.

Kuna jambo jingine linaloweza kumtoa kwenye kundi. Achague eneo moja alijue kuliko mtu yeyote kituoni: ardhi, hospitali za kaunti, maji, lolote. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu kuomba taarifa kwa ofisi ya umma kwa maandishi, nayo inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Korespondenti mwenye nyaraka mkononi hawezi kubadilishwa kwa urahisi na yule anayezunguka hoteli kwa hoteli akifuata mikutano ya wanahabari.

Baada ya mkutano na wanahabari tulipewa bahasha "ya nauli". Wote walichukua. Nami? (Mwanagenzi, Westlands)

Rudisha. Kwa upole, bila hotuba, mbele ya mtu mmoja. Kisha mwambie mhariri wako siku hiyo hiyo. Maadili ya taaluma yanakataza, na aliyekupa anakumbuka jina lako vizuri kuliko unavyodhani. Najua njaa ya mwanagenzi, na bado nasema rudisha.

Binti yangu ni ripota na hutumwa kwenye maandamano. Silali. Nimwambie aache? (Mama, Buruburu)

Mama, shikamoo. Sitakupa maneno ya kutuliza tu. Wanahabari wamepigwa na kujeruhiwa katika maandamano ya miaka hii. Na tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuyaonyesha moja kwa moja, matangazo ya baadhi yao yakakatwa, mpaka Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Unayo haki ya kuogopa.

Badala ya kumwambia aache, mwulize maswali ambayo mkuu wake anafaa kuwa amemwuliza. Anatoka na nani? Gari litaegeshwa wapi, na limeelekea upande wa kutokea? Wakitawanyika watakutana wapi? Ana koti lenye neno PRESS mbele na nyuma? Avae viatu vya chini. Asivae lenzi za macho, gesi ya machozi hunasa humo. Namba ya deski aiandike mkononi kwa kalamu, simu huweza kupotea, na wewe pia uwe nayo. Ikiwa hana majibu, basi hajaandaliwa, na anaweza kukataa kwenda bila kuwa mwoga. Usimpigie akiwa kazini, Mama, mlio wa simu unaweza kumfichua. Mkubaliane atume ujumbe mmoja akirudi garini.

Nitasoma habari lini? (Ripota, Lang'ata)

Labda miaka mitano, labda kamwe. Wasoma habari ni wachache na kiti hakina nafasi mbili. Ripota anaweza kukua akawa mhariri, mtayarishaji, mwalimu wa chuo, au mpelelezi. Mohammed Ali alijulikana kwa upelelezi katika kituo cha KTN, na mwaka 2017 wapiga kura wa Nyali wakampeleka bungeni. Mimi sikuwahi kukitamani kile kiti, kwa hiyo huenda simtendei haki anayekitamani.

Nimetumwa mara mbili kwa familia iliyofiwa, na mara zote mbili nimeganda mlangoni. (Ripota wa mwaka wa kwanza, Kilimani)

Uliganda kwa sababu unajua umeingia mahali pazito. Usijaribu kuipoteza hisia hiyo.

Kamera ibaki garini kwanza. Kila msiba una anayepokea wageni, mjomba, shangazi au jirani. Nenda kwake, toa pole, sema jina lako na kituo chako. Ukiambiwa keti, keti. Ukipewa chai, kunywa. Jina la marehemu lisitoke hewani kabla ya ndugu zake wote wa karibu kupata habari. Na usimwulize mtu anajisikiaje. Mwulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kisha unyamaze, hata kimya kikirefuka.

Nilijifunza haya kwa kukosea. Kulikuwa na moto Mukuru, na baba mmoja alikuwa amepoteza mtoto. Nilimwendea kamera ikiwa tayari inawaka. Aliivuta kofia akafunika uso. Picha ile ilitoka saa moja, na mimi ndiye niliyeipeleka.

Baada ya wiki nilirudi peke yangu, mikono mitupu, kuomba radhi. Alinisikiliza. Kisha akanitembeza kwenye kichochoro na kunionyesha mahali gari la zima moto lilipokwama, kwa sababu barabara ilikuwa imejengwa vibanda hadi katikati. Akanipeleka kwa majirani wawili walioliona likirudi nyuma. Stori hiyo ndiyo iliyostahili kutoka tangu mwanzo. Nilipoiweka mezani, mhariri aliisoma, akaniangalia kama alivyozoea, akauliza nani ameniambia. Nilikuwa na majina matatu daftarini, la baba yule likiwa la kwanza, na mara hii alikuwa ameliandika mwenyewe.