White Sox wajenge upya kwa chipukizi kwa mara ya pili?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Naishi Chicago, upande wa kusini, na watoto wangu wamenifanya niwe shabiki wa White Sox, timu ya besiboli ya huku, nisipende nisitake. Msimu wa 2024 tulipoteza mechi 121, wa 2025 tukapoteza 102. Uongozi unatuomba subira, eti timu inajengwa upya kwa vijana. Wenzangu kazini wanacheka, wanasema wimbo huo waliusikia tangu 2016, na wakati ule pia nyota wote waliuzwa. Kitaalamu, ni sahihi timu ya besiboli ya kulipwa kuuza wakongwe na kuanza na chipukizi? Na nitajuaje kama safari hii kuna kitu, au ni danganya toto?

JIBU: Salaam ndugu yangu, na pole kwa misimu hiyo. Kwa White Sox wa sasa jibu langu ni ndiyo, maana hawana kikosi cha kuokoa. Ila wenzako wana haki ya kucheka. Mpango wa 2016 haukukosa vijana. Walikuwepo, tena wa daraja la juu. Uliharibikia pale vijana walipokomaa, timu ikawa inahitaji kuongezewa watu na pesa, na pesa haikutoka.

Tuanze na sababu ya timu kukubali kupoteza mechi zote hizo. Sisi tuliokulia kwenye soka tunajua anayeburuza mkia anashuka daraja. Kwenye Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani hakuna kushuka. Wa mwisho anabaki palepale, anapata mgao wake wa fedha za televisheni ya taifa, na anakuwa miongoni mwa wanaochagua mapema kwenye drafti, yaani zamu za klabu kuchagua chipukizi wapya. Halafu kuna suala la mikataba. Kijana akishapanda Ligi Kuu, klabu inakuwa na haki naye kwa misimu sita (siku 172 kwenye kikosi zinahesabika msimu mzima). Kwa kawaida ile mitatu ya mwanzo hulipwa kima cha chini au zaidi kidogo, na kima hicho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Inayofuata mshahara huenda kwenye usuluhishi (msuluhishi huamua klabu na mchezaji wasipoelewana), na baada ya hapo ndipo anakuwa mchezaji huru. Sasa mtazame nyota Juan Soto, aliyekuwa mchezaji huru, ambaye Desemba 2024 alisaini na Mets wa New York kwa dola milioni 765 kwa miaka 15. Kijana anayecheza vizuri kwa kima cha chini anaiachia klabu mamilioni mkononi.

Hayo mamilioni ndiyo faida yenyewe ya chipukizi, na lazima yarudi uwanjani. Mmiliki akiyatia mfukoni, kilichofanyika ni kupunguza gharama tu, na shabiki ndiye aliyelipa.

Mpango wa kwanza ulianza Desemba 2016. Ndani ya siku mbili White Sox walimpeleka mrushaji wao nyota (anayewarushia wapigaji mpira) Chris Sale Boston wakapata vijana Yoán Moncada na Michael Kopech, wakampeleka mlinzi wa nje Adam Eaton Washington wakapata Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning. Julai 2017 wakamuuza mrushaji José Quintana kwa jirani zao Cubs, wakachukua Eloy Jiménez na Dylan Cease. Kabla ya hapo, Mei, walikuwa wamemsajili Luis Robert kutoka Kuba kwa dola milioni 26. Kwenye karatasi huwezi kuukosoa usajili ule. Mwaka 2020 walifuzu mtoano, 2021 wakashinda mechi 93 na kubeba ubingwa wa kanda yao.

Tatizo lilianza kuonekana mapema, kabla hata ya ushindi. Majira ya baridi ya 2018 kuingia 2019 walimtaka Manny Machado, nyota aliyekuwa mchezaji huru. Walifikia hatua ya kumchukua shemeji yake, Yonder Alonso, na rafiki yake Jon Jay, ili ajisikie nyumbani. Machado akaenda San Diego kwa dola milioni 300, miaka 10. Shemeji akabaki Chicago. Nafasi ya mlinzi wa nje upande wa kulia ikawa ya kuzibwa viraka kila mwaka, hadi 2021 wakamrudisha Adam Eaton yuleyule waliyemuuza, na kufika Julai wakamwacha. Mwezi huohuo walimtoa Nick Madrigal, chaguo lao la nne kwenye drafti ya 2018, ili kumpata mrushaji Craig Kimbrel, ambaye kwao hakufua dafu. Mkataba mkubwa kuliko wote waliowahi kuutoa kufikia mwisho wa 2022 ulikuwa wa Andrew Benintendi, dola milioni 75. Kwa klabu ya mji mkubwa kama Chicago, hiyo ni aibu, sina neno lingine.

Hapo hapo Jiménez, Robert na Moncada wakawa wanapishana kwenye orodha ya majeruhi. Kikosi kilichokosa akiba hakivumilii hilo. Mwaka 2022 walimaliza na ushindi 81 na vipigo 81, 2023 wakapoteza 101, na Agosti mwaka huo Kenny Williams na Rick Hahn, waliousimamia mpango, wakafukuzwa. Mwaka uliofuata ndio huo wa 121, rekodi mbaya kuliko ya Mets wa 1962 waliopoteza 120.

Wanaotetea njia hii hupenda kuwataja Astros wa Houston, waliopoteza mechi 106, 107 na 111 mfululizo kati ya 2011 na 2013, kisha wakatwaa World Series, fainali ya ubingwa wa ligi, mwaka 2017. (Ubingwa huo una doa la kuiba ishara za wapinzani kwa kamera, ila hilo ni somo jingine.) Ukiichambua timu ile unakuta José Altuve alisajiliwa kutoka Venezuela mwaka 2007 kwa dola 15,000, na Dallas Keuchel alichaguliwa 2009. Wote wawili walikuwepo kabla ya ujenzi. Kupoteza mechi kuliwapa Carlos Correa, kweli, lakini kuliwapa pia Mark Appel, chaguo la kwanza kabisa la 2013, ambaye hakuichezea Houston hata mechi moja ya Ligi Kuu. Na ubingwa haukukamilika mpaka Agosti 2017 walipomchukua mrushaji mkongwe Justin Verlander na mshahara wake mnono.

Cubs, samahani kuwataja mbele ya shabiki wa kusini, walipoteza 101 mwaka 2012. Walijenga kwa akina Kris Bryant, kisha wakampa mrushaji Jon Lester dola milioni 155 na kumleta Ben Zobrist, aliyekuwa mchezaji bora wa World Series ya 2016. Baltimore Orioles walifuata ramani hiyohiyo, wakafika ushindi 101 mwaka 2023, lakini hawakutaka kufungua pochi kwa warushaji. Kwenye mtoano Texas Rangers waliwaondoa kwa mechi tatu bila. Rangers hao walipoteza 102 mwaka 2021, na majira ya baridi yaleyale wakawapa Corey Seager na Marcus Semien jumla ya dola nusu bilioni. Mwaka 2023 wakawa mabingwa, huku vijana wao Josh Jung na Evan Carter wakicheza kando ya wakongwe. Ukiniuliza mfano gani ninaupenda, ni huo.

Kuna jambo jingine ambalo mwaka 2016 halikuwepo. Tangu makubaliano ya 2022, machaguo sita ya kwanza ya drafti yanapangwa kwa bahati nasibu, na klabu inayochangia kwenye mfuko wa kugawana mapato hairuhusiwi kupata machaguo hayo ya bahati nasibu miaka miwili mfululizo. Ndiyo maana White Sox, ambao ni klabu ya aina hiyo, pamoja na vipigo vyote vile vya 2024, walichagua nafasi ya 10 kwenye drafti ya 2025. Bahati iliwaangukia Desemba 2025, wakapata chaguo la kwanza kabisa la 2026. Kwa hiyo kupoteza kwa makusudi hakulipi kama zamani, na ujuzi wa kufundisha umepanda thamani.

Na hapo kwenye kufundisha ndipo ninapoona afadhali kwenu. Mtazame Colson Montgomery, chaguo la raundi ya kwanza la 2021. Aprili 2025 alikuwa Charlotte, kwenye ligi ndogo, akikosa mpira kila anaporusha fimbo. Klabu haikumwacha azame huko. Ilimwondoa kwenye mechi, ikampeleka kituo chake cha Arizona kurekebisha upigaji. Julai akapandishwa, na katika mechi 71 akapiga homurani 21 (mapigo yanayotoa mpira nje ya uwanja). Mrushaji Shane Smith walimchukua bure kabisa, ukitoa ada ndogo ya drafti ya Kanuni ya 5 (inayoruhusu klabu kuchukua chipukizi ambaye klabu yake haikumlinda), kutoka Milwaukee, na msimu wake wa kwanza tu akaitwa kwenye mechi ya nyota. Mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) Kyle Teel, aliyekuja na wenzake watatu kwenye dili lililompeleka mrushaji Garrett Crochet Boston, naye alionekana ameiva. Huko nyuma klabu hii ilinunua vijana waliokwisha kutengenezwa na wengine. Kuwatengeneza wenyewe ni kazi mpya kwao.

Swali lako la pili: uangalie nini. Usisumbuke na orodha za chipukizi bora zinazotolewa kila Januari, kwa sababu White Sox walishazijaza zamani na unajua walikofikia. Angalia vijana waliochaguliwa kwenye drafti raundi ya tatu, ya nne na kuendelea. Kama nao wanapanda ngazi, mfumo wa ufundishaji unafanya kazi, maana hao hawaji na kipaji cha kujitosheleza. Angalia pia warushaji wangapi wa akiba wako Charlotte, kwa sababu mikono ya warushaji huumia na timu haivuki mechi 162 na watano tu.

Kisha subiri majira ya baridi yatakayofuata msimu wa kwanza ambao timu itakaribia ushindi 80. Hapo akina Montgomery na Teel watakuwa bado wa bei nafuu, na mmiliki hatakuwa na kisingizio. Akimsajili mrushaji wa daraja la kwanza kwa mkataba mrefu, kata tiketi za msimu mzima. Akileta wakongwe wawili wa mwaka mmoja mmoja na kutangaza kwamba vijana wataziba pengo, wapeleke watoto Jumapili mojamoja tu, tena ukipata za punguzo.