Uliza Ujibiwe: Yule "katibu" wa nyumba na serikali za mitaa alikuwa nani hasa?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni mama niko Igogo hapa Mwanza, nauza kahawa na kashata jioni. Kijana wangu anasoma historia chuoni, juzi kaja na makaratasi ya mambo ya Uingereza, simu imemtafsiria "Katibu wa Bunge wa Wizara ya Nyumba na Serikali za Mitaa". Akawasomea wazee kijiweni, weee, pakawaka. Mmoja anasema Katibu wa Bunge si tunamjua, yuko Dodoma, nyumba zinamhusu nini? Mwingine anasema huyo ni naibu waziri tu. Wamewekeana kahawa ya wiki nzima. Na mimi nina langu, wenzetu nyumba na halmashauri ziliwekwaje wizara moja wakati kwetu kila kimoja kina kwake?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kahawa anywe huyo wa pili, ila wa kwanza msimcheke sana maana kosa ni la simu. Cheo cha Waingereza, Parliamentary Secretary, kina neno katibu na neno bunge ndani yake lakini mwenyewe ni mwanasiasa, mbunge au lodi wa baraza la juu la Bunge lao, anawekwa wizarani amsaidie waziri na akisimama Bungeni anamjibia bosi. Katibu wa Bunge wetu ni mtumishi, mtendaji mkuu wa ofisi ya Bunge, hana jimbo wala hapigi kampeni. Huyo wa kwenye makaratasi kwetu ni Naibu Waziri, na wazee wa umri wangu wanakumbuka zamani tulikuwa tunasema Waziri Mdogo, jina ambalo mi nalipenda zaidi kusema kweli, halizungukizungushi.

Sasa historia yenyewe. Baada ya vita kuu ya pili miji ya Uingereza imepigwa mabomu, watu hawana pa kulala, na mambo ya nyumba yalikuwa chini ya Wizara ya Afya, kwa Aneurin Bevan, huyo huyo aliyeanzisha matibabu ya bure mwaka 1948. Ndo ujue mzigo aliokuwa nao. Januari 1951 serikali za mitaa zikatolewa Afya pamoja na nyumba, ikaundwa wizara mpya akapewa Hugh Dalton. Oktoba mwaka huo huo Churchill akashinda uchaguzi, wizara akampa Harold Macmillan na jina likawa Nyumba na Serikali za Mitaa. Macmillan hakuifurahia, alitaka kikubwa zaidi, na juu yake chama kilikuwa kimeshaahidi wananchi nyumba 300,000 kila mwaka, ahadi ya jukwaani zile unazozijua, sasa mtu aje azitimize.

Hapo ndo anaingia naibu wa kwanza, Ernest Marples, na huyu ndo wa kumkumbuka kuliko wote. Alikuwa kontrakta! Mtu wa saiti, ana kampuni yake ya ujenzi, anajua tofali linachelewa wapi na mbao zinakwamia kwa nani. Wakati bosi anahutubia, Marples anahangaika na saruji, vibali na mafundi. Mwaka 1953 wakaivuka hiyo laki tatu. Walitumia na ujanja, nyumba zilipunguzwa ukubwa kuliko za enzi ya Bevan, maana yake ramani ikibanwa vifaa vinatosha nyumba nyingi zaidi, fundi yeyote wa Buhongwa atakwambia hivyo hivyo. Sifa akabeba nani? Macmillan, na 1957 akawa Waziri Mkuu. Marples naye alipata wizara zake baadaye, Posta halafu Uchukuzi, ila uzeeni mwaka 1975 akakimbilia Monaco mambo ya kodi ya serikali yalipomfika shingoni. Mwenye nyumba laki tatu kaondoka kwake usiku usiku, dunia hii.

Waliomfuata nawapitisha haraka. Bill Deedes, huyu baadaye aliishia kuwa mhariri wa gazeti kubwa, kwa hiyo sisi wa magazeti tuna ndugu pale. Enoch Powell alikuwepo 1955 mpaka mwanzo wa 1957, muswada wa kulegeza udhibiti wa kodi za pango ulipelekwa Bungeni akiwa naibu, na sheria yenyewe ilipopita mwaka huo 1957 wapangaji wa London wengi waliisoma namba. Keith Joseph akawa naibu 1959 hadi 1961, akaenda wizara nyingine kidogo, 1962 akarudi pale pale safari hii yeye ndo waziri. Watu wa chama cha Labour walipoingia 1964 wakaja na Bob Mellish, mtoto wa kuli wa bandarini, akakabidhiwa nyumba za London. Mwanzoni naibu alikuwa mmoja tu, miaka ya 60 wakawa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 1970 wizara nzima ikamezwa na idara kubwa ya Mazingira, cheo nacho kikafa nayo. Neno nyumba limerudi kwenye jina la wizara yao 2018 likabaki, ila serikali za mitaa zikatoka kwenye jina 2021, zikarudi 2024, wenyewe wanabadilisha vibao tu.

Sasa lile swali lako mama, ambalo mi naona ndo lenye nyama. Kule viliwekwa pamoja kwa sababu mjenzi alikuwa halmashauri. Mwingereza maskini alipangishwa na halmashauri ya mji wake, ndo iliyojenga, ndo iliyokusanya kodi, paa likivuja unaenda kugonga huko. Kwa hiyo ukitaka nyumba laki tatu lazima uzishike halmashauri mkononi, na naibu anayejibia nyumba anajibia na halmashauri.

Kwetu halmashauri haikuwa mjenzi namna hiyo. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, ni la serikali kuu. Mwaka 1971 majengo ya thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yakataifishwa yakapewa Msajili wa Majumba, mkipita katikati ya mji yale ya ghorofa ya zamani yenye roshani mengi yana historia hiyo, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Afu mnasahau kwamba 1972 halmashauri zenyewe zilifutwa! Za miji zikarudi 1978, za wilaya 1984. Zaidi ya miaka kumi wilaya hazina halmashauri, sasa hiyo nyumba ungeifunga kwa nani? Ikaenda kukaa na ardhi. Ndo maana mpaka leo kuna Naibu Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, halafu TAMISEMI, inayoshika tawala za mikoa na serikali za mitaa, kuna manaibu wake, miaka ya karibuni mmoja wa elimu mmoja wa afya. Wa nyumba humo hamna. Na mjenzi mkubwa wa Mwanza ni nani? Wewe mwenyewe mama, na karai lako.

Na kama mnataka Keith Joseph wa kwetu hamna haja ya kwenda mbali, vukeni tu hapo Kirumba mko kwenye jimbo alilokuwa mbunge. Angeline Mabula, aliyekuwa mbunge wa Ilemela, alikuwa naibu wa wizara hiyo ya ardhi na nyumba kuanzia mwisho wa 2015, Januari 2022 akapanda kuwa waziri wa wizara ile ile hadi Agosti 2023. Tofauti ni kwamba huyu hakutoka kwanza, alipandia humo humo.

SWALI: Mzee, mi niko mlimani Mabatini, nyumba ya marehemu baba iko juu ya mawe. Nikiuliza hati huku naambiwa nenda kule, kule naambiwa rudi huku. Nani wangu?

JIBU: Pole kijana, na mi nimepita hapo hapo. Nina kibanda kwenye mwamba, mchanga ulipandishwa kwa kichwa karai kwa karai maana hata toroli haifiki, siku ya kupima jamaa alichora alama ya rangi nyekundu kwenye jiwe kwa sababu bikoni, ile nguzo ya mpaka, haichimbiki pale. Nikaenda ofisi moja na makaratasi, dada wa dirishani akageuza karatasi ya juu, akageuza ya pili, akasema baba hii siyo yetu. Nikaenda ya pili, nao hivyo hivyo. Viatu vilikwisha.

Kwa kifupi anza kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua na majirani wasaini mipaka, kwa kuwa mzee ni marehemu chukua na karatasi za mirathi mahakamani mapema, kisha urasimishaji na mipango ni halmashauri, hati yenyewe ni ofisi ya ardhi ya mkoa ambayo iko chini ya wizara ya ardhi. Ndo hizo wizara mbili nilizomwambia mama wa kahawa, wewe unazipanda kwa miguu. Kila karatasi toa kopi mbili.

SWALI: Naibu waziri anaingia kwenye Baraza la Mawaziri? Hili nalo lina kahawa.

JIBU: Haingii. Katiba ya 1977 ibara ya 55 inasema Rais anaweza kuteua manaibu baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, ila siyo wajumbe wa Baraza. Mama wa Igogo, naona biashara yako mwezi huu itakuwa nzuri, nikishuka huko nitakunywa changu bila sukari.