Je, wasifu wa mhalifu watosha kumfunga mtu?

SWALI: Shikamoo ami. Mdogo wangu ni fundi wa mashine za boti. Juzi mashine mbili ziliibwa Shela, naye akaitwa kuhojiwa. Aliambiwa wasifu wa mwizi ni kijana, fundi, mtu wa kukesha ufukweni. Hakukutwa na chochote. Huo wasifu ni elimu gani, na waweza kumfunga?
Dada mtu, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Elimu ipo, nami nimeitumia miaka yangu yote ya upelelezi. Unatazama kilichotendwa, saa, mahali na chombo kilichotumika, kisha unakisia aliyetenda ni mtu wa namna gani. Ni makisio ya kukuonyesha pa kuanzia.

New York, kuanzia 1940, mtu alikuwa akitega mabomu huku akiandika barua za kuilaumu kampuni ya umeme. Mwaka 1956 polisi walimwendea daktari wa akili, James Brussel, akawachorea wasifu wa mtegaji huyo. Wengi hukumbuka kwamba daktari alitaja hata suti atakayovaa mtegaji siku ya kukamatwa. Mimi namkumbuka Alice Kelly, karani wa kampuni ile, aliyekaa na mafaili ya zamani ya madai ya fidia, akaona maneno yanayofanana na yale ya barua. Jina kwenye faili lilikuwa George Metesky. Alikamatwa Januari 1957.

London mambo yalikwenda vibaya. Rachel Nickell aliuawa Julai 1992, polisi wakamwandama Colin Stagg kwa kuwa alilingana na wasifu waliochorewa. Jaji aliukataa ushahidi wao 1994, kesi ikafa. Robert Napper ndiye aliyekuja kukiri, 2008, baada ya vipimo vya vinasaba.

Nami lilinifika. Nilikuwa mgeni katika kazi. Mashine iliibwa gatini usiku, maji yamekupwa. Nati zilifunguliwa kwa spana ya saizi yake, hakuna mkwaruzo hata mmoja, zikapangwa mstari juu ya ubao. Nikasema huyu ni fundi, tena mtaratibu. Na kweli alikuwa fundi, ila mimi nilimkamata mwingine, kwa sababu mji mzima ulimjua kwa utaratibu wake. Alilala ndani siku mbili. Wiki tatu baadaye mashine ilionekana kwa mnunuzi, namba imekwanguliwa nusu, naye akamtaja aliyemuuzia.

Nilikwenda kumtaka radhi yule fundi. Nikapiga hodi, mkewe akafungua, akanitazama, hakunambia karibu. Nilikaa barazani mpaka mumewe akatoka. Alinisamehe. Uso wa yule mama sijausahau.

Basi mdogo wako akiitwa tena, aende, tena na wakili akiweza. Ana haki ya kunyamaza. Wakimkamata, Katiba, kifungu cha 49, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Awaulize kwa adabu: mbali na wasifu, mna nini? Nani aliniona? Na yeye mwenyewe, usiku ule alilala wapi, na nani alikuwa naye? Aandike leo, kumbukumbu ingali mbichi.

Kisha waendeeni wenye mashine Shela, muwaombe watafute risiti zao. Namba ya mashine huenda imeandikwa humo. Ipelekeni kituoni na kwa mafundi wote, mpaka Mokowe.